Muziki wa Mtandaoni Kwenye Amplifaya ya Nyumbani: Pa Kuanzia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wengi wenu mna amplifaya nyumbani na spika mbili za heshima. Mna simu, mna intaneti, na baadhi yenu tayari mnalipia huduma ya muziki. Shauri langu la kwanza: usinunue kifaa kipya mpaka umejua sauti inapotelea wapi. Kwa nyumba nyingi inapotelea kwenye Bluetooth.

Tupige hesabu kidogo, maana asiyejua namba hizi huuziwa chochote. CD huhifadhi sauti kwa biti 16, ikiipima mara 44,100 kila sekunde. Chaneli mbili zikijumlishwa, unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili la FLAC au ALAC hubana mzigo huo ukabaki nusu au theluthi mbili hivi, na likifunguliwa linarudi lilivyokuwa, biti kwa biti. MP3 na AAC hupunguza uzito kwa kutupa, na kilichotupwa hakirudi. Sasa Bluetooth: kodeki yake ya kawaida, yaani njia ya kubana sauti iitwayo SBC, huishia kilobiti 328 hivi kwa sekunde, na iPhone haina nyingine zaidi ya hiyo na AAC. Ukilipia ubora kamili halafu ukaurusha kwa Bluetooth, simu inaupunguza upya kabla haujafika kwenye amplifaya.

Dawa ni waya. Njia ya bei nafuu ni adapta ndogo ya USB-C yenye tundu la milimita 3.5, kisha waya wa kutoka tundu hilo kwenda RCA, ule wenye pini nyekundu na nyeupe. Ndani ya adapta kuna DAC, saketi inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti. Ile ya Apple hupitisha hadi biti 24 na kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 kwa sekunde, na kwa ubora wa CD hiyo inatosha kabisa. Jihadhari na zile za bei ya chini zisizo na DAC: ndani ni nyaya tupu, na simu nyingi hazitoi sauti kupitia hizo. Ijaribu papo hapo dukani.

Nyuma ya amplifaya, chomeka AUX, CD au TUNER. Kamwe usichomeke PHONO. Tundu hilo ni la santuri: hukuza mawimbi mara 100 hivi na kuongeza besi makusudi, kwa hiyo simu ikiingia hapo utasikia mngurumo uliopasuka. Wengi hapo hulaumu adapta. Kwenye simu, pandisha sauti hadi mwisho na utumie kitasa cha amplifaya; ikianza kupasuka, shusha simu hatua mbili tatu. Zima ikwalaiza, na zima kipengele kinachosawazisha sauti kati ya nyimbo.

Halafu mipangilio, na hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Apple Music imekuwa ikitoa muziki usiopunguzwa tangu Juni 2021 bila nyongeza ya bei, lakini lazima uende mwenyewe kwenye ubora wa sauti ukauwashe. Spotify ilianza Septemba 2025 kwa wanaolipia Premium, nchi kwa nchi, hadi biti 24 na kilohezi 44.1. Programu hizi huweka ubora wa Wi-Fi kando, wa bando kando, na wa kupakua kando. Ukigusa kimoja, vingine vinabaki chini.

Bando nalo lihesabuni. Saa moja ya ubora wa CD hula megabaiti 400 hivi. AAC ya kilobiti 256 hula 115. Anayesikiliza saa mbili kila siku atamaliza gigabaiti 24 kwa mwezi. Kwa hiyo pakua albamu zako ukiwa kwenye Wi-Fi, mara moja tu. Na msikimbilie biti 24 na kilohezi 192. Upimaji wa kilohezi 44.1 tayari hubeba sauti zenye mitetemo hadi kilohezi 22, na sikio la binadamu huishia 20, la mtu mzima chini ya hapo. Bando litaisha haraka, na sikio halitapata nyongeza.

Ukizoea na kutaka kuachana na waya wa simu, ndipo ununue kichezeshi cha mtandao kama WiiM, au uunde chako kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kadi ya DAC juu ya pini zake 40, na programu ya Volumio au moOde. Kwa huduma kama Spotify Connect, kifaa huvuta muziki chenyewe kutoka intaneti na simu hubaki rimoti. Ukipigiwa, wimbo haukatiki.

Sasa umeme, na hapa nawaomba msikilize kwa makini. Amplifaya nzuri za mitumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, nyingine zilitengenezewa soko la ndani la Japani. Geuza, soma bamba la nyuma. Ikiandikwa AC 100V, ukiichomeka kwenye volti 230 za ukutani inaungua. Itafutie transfoma ya kushusha hadi volti 100, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye bamba, walau mara moja na nusu.

Mvumo mzito usioisha hata muziki ukisimama mara nyingi hutokana na laptopu au chaja yenye pini tatu. Chomoa chaja. Mvumo ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ethi: weka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au tumia waya wa mwanga (optical), unaopitisha sauti kwa mwanga badala ya umeme, kama amplifaya inalo tundu lake. Kukata pini ya ethi ni kuhatarisha maisha ya watu wa nyumbani.

Mwisho, spika. Zisogeze nusu mita kutoka ukutani, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi ulipoketi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita tano. Kisha weka taarabu yenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na mwimbaji mmoja, uketi katikati. Sauti ya mwimbaji isimame hapo katikati, na kila mdonoo wa kanuni usikike hadi unapofifia. Ikiwa mwimbaji yuko kila mahali na besi imekonda, spika moja imegeuzwa nyekundu na nyeusi. Zima amplifaya kwanza, kisha badilisha nyaya hizo mbili upande mmoja tu.