Sekstanti Uani: Kupima Jua Bila Kuiona Bahari

Mabibi na mabwana, sekstanti ni chombo ambacho mabaharia hupimia kimo cha jua, yaani pembe yake juu ya upeo, ili wajue walipo. Ukiwa uani kwako Tabata, hapa Dar es Salaam, huna haja ya kutafuta ulipo. Simu inakupa latitudo na longitudo. Ukipima kimo cha jua, kisha ukakilinganisha na kimo kilichokokotolewa kwa mahali hapo na sekunde hiyo, tofauti inayobaki ni yako na ya chombo chako. Kila dakika ya tao (sehemu ya 60 ya nyuzi moja) ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi waanzie nyumbani, hata wale wanaokaa Oysterbay wenye upeo wa bahari mlangoni. Upeo ule ni wa mashariki tu. Alasiri jua liko upande wa nyumba na minazi.

Badala ya upeo, tumia oili chafu ya gereji. Imimine kwenye sinia pana, kina cha nusu sentimita hivi, na utumie sehemu ya katikati, kwa sababu kingoni oili hupinda. Upepo wa kusi ukiitikisa, funika kwa kioo, na katikati ya vipimo kigeuze kioo upande wa pili ili kasoro zake zijifute. Sasa unaliona jua mara mbili: moja ndani ya oili, la pili kupitia vioo vya sekstanti. Weka vichujio vyeusi pande zote mbili kabla ya kusogeza jicho. Wengi hukumbuka vichujio vya jua la juu na kusahau kwamba la kwenye oili nalo huunguza.

Pembe unayoisoma hapo ni kimo mara mbili, maana jua la oili huonekana chini kwa kiasi kilekile ambacho jua lenyewe liko juu, na hapa ndipo Dar es Salaam inapotubana. Sekstanti nyingi huishia nyuzi 120 na ushei, kwa hiyo kimo hakiwezi kuzidi kama nyuzi 60. Jua la mchana kwetu hufika 73 mwezi Desemba, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba husimama utosini kabisa. Juni ndipo linapofika karibu 60, na hata hapo ni kwa kubahatisha. Basi achaneni na vipimo vya adhuhuri; pimeni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri.

Kabla ya kupima, tafuta kosa la sifuri, yaani kiasi ambacho chombo husoma pale kinapopaswa kusoma sifuri. Usilitafute kwa ukuta wa jirani: ukuta ulio mita 100 unaweza kukudanganya dakika mbili nzima, kwa kuwa vioo viwili vya sekstanti haviko mahali pamoja. Tumia jua lenyewe. Gusanisha kingo za picha zake mbili upande huu wa sifuri, kisha upande ule. Tuseme Septemba umepata dakika 33.2 ndani ya tao la chombo, upande wa vipimo, na 30.4 nje yake, nyuma ya sifuri (ngoma, yaani gurudumu la kusomea dakika, itaonyesha 29.6 kwa kuwa huko huhesabu kurudi kutoka 60, ndipo wageni wanapopotea). Jumla ni 63.6, igawe kwa nne upate 15.9, nusu kipenyo cha jua cha mwezi huo, kwa hiyo kipimo ni safi. Tofauti ni 2.8, nusu yake, 1.4, ndilo kosa, na kwa kuwa ndani kumezidi, unalitoa. Sekstanti ya plastiki ikipigwa na jua hubadilika, hivyo rudia kipimo hiki mwishoni pia.

Sasa pima. Shusha jua la vioo hadi likalie juu ya lile la oili, yakigusana tu: huo ni ukingo wa chini. Ukiwa na shaka ni ukingo upi, acha mkono wa sekstanti ulivyo na utazame. Asubuhi picha za ukingo wa chini huachana zenyewe. Za ukingo wa juu hupandana. Malizia kuzungusha ngoma kwa upande uleule kila mara, maana meno yake yana ulegevu.

Umesoma 91°12.4'. Toa 1.4 kwanza, ndipo ugawe kwa mbili: 45°35.5'. Toa dakika 1.0 ya mpindo wa nuru hewani, ongeza nusu kipenyo 15.9 ili utoke ukingoni hadi katikati ya jua, na 0.1 ya paralaksi (tofauti ya kutazama ukiwa juu ya uso wa dunia badala ya kitovuni mwake): 45°50.5'. Sahihisho la urefu wa jicho halipo, kwa sababu oili haina upeo wa kuinama.

Saa nayo. Saa 3:20 asubuhi ni 09:20 kwenye simu, na almanaka, kitabu cha majedwali ya mahali jua lilipo, inataka 06:20 ya Greenwich. Andika sekunde: jua letu hupanda karibu wima, na sekunde nne zinaweza kula dakika nzima ya tao. Piga vipimo vitano mfululizo, uvichore kwenye karatasi ya grafu. Kisichokaa kwenye mstari kitupe.

Tofauti kati ya kimo chako na kile kilichokokotolewa ikiwa karibu 32', umechanganya kingo za jua. Ikiwa nyuzi kadhaa, angalia kama latitudo uliiweka hasi, maana tuko kusini. Ikiwa dakika mbili hivi, daima upande mmoja, rudia kosa la sifuri. Ikirukaruka huku na huku, tazama kwanza sinia: huenda oili haijatulia.