Wengi Wanapinga Ukeketaji, Mbona Ngariba Bado Wana Kazi?

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Mimi ni Rehema, na niko na kaka Elia. Leo tunazungumzia ukeketaji wa wanawake: umeenea kiasi gani, na wanawake wenyewe wanausemaje. Kaka Elia, naomba tuanze na utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16, kwa kuwa una takwimu mbili zinazoweza kupotosha.

ELIA: Ahsante, dada Rehema. Takwimu ya kwanza ni kwamba asilimia 10 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ya pili ni kwamba, miongoni mwa wanawake waliokwisha kusikia habari za ukeketaji, takriban 95 katika kila 100 walitaka ukomeshwe. Anayesoma harakaharaka atadhani kilichosalia ni masazo ya zamani yatakayotoweka yenyewe. Lakini katika utafiti huohuo Manyara ilikuwa na asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41 na Mara 32, ilhali Zanzibar haikufika hata asilimia moja. Wastani wa taifa haumsaidii msichana aliyezaliwa Manyara, na wala haumhusu aliyezaliwa Pemba.

REHEMA: Na hapo ndipo nisipopenda namna magazeti yetu yanavyoandika kwamba ukeketaji unapungua, kisha yakanyamaza. Unapungua kweli: utafiti wa 2022 uliteremsha wastani wa Tanzania hadi asilimia 8, na Kenya imeshuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Hata umri unasema hivyo, kwa sababu katika utafiti wa 2015-16 wanawake wa miaka 45 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 19, na wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa asilimia 5 tu. Hata hivyo, ukiitazama Kenya kwa makabila mwaka 2014, unakuta asilimia 94 kwa Wasomali, 86 kwa Wasamburu, 84 kwa Wakisii na 78 kwa Wamasai, huku Wajaluo na Waluhya wakiwa chini ya asilimia moja.

ELIA: Wapo pia wanaoharakisha kuutupia Uislamu lawama. Uislamu una mizizi mirefu Zanzibar, na tumekwisha kusema hali ilivyo huko. Wakisii ni Wakristo kwa wingi, na tumeona asilimia yao. Baadhi ya jamii huona jambo hili kuwa la dini, na imani hiyo ina nguvu kwa wanaoishikilia, lakini mgawanyo wenyewe hufuata kabila na mahali kuliko msikiti au kanisa.

REHEMA: Basi tuje kwenye swali lenyewe. Ikiwa wanawake wengi hivyo wanasema mila hii ikome, kwa nini ngariba bado wana kazi?

ELIA: Kwanza, hao 95 ni wastani vilevile, na wanawake wengi sana waliohojiwa wanatoka mikoa ambako karibu hakuna anayekeketwa, kwa hiyo kupinga hakuwagharimu kitu. Pili, na hili kwangu ndilo zito zaidi, mhojaji humuuliza mwanamke maoni yake akiwa peke yake, ilhali uamuzi hautolewi na mtu mmoja. Mama anaweza kuuchukia ukeketaji kwa dhati, kisha akampeleka binti yake, kwa sababu anajua bibi wa mtoto, shangazi zake na watakaomchumbia wanangoja nini. Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, Gerry Mackie, aliulinganisha ukeketaji na desturi ya Wachina ya kufunga miguu ya wasichana, akaonyesha kwamba desturi ya aina hiyo huendelea hata pale wengi wanapoichoka, kwa kuwa hakuna familia inayothubutu kuwa ya kwanza kuiacha na kubaki na binti asiyeolewa.

REHEMA: Ngoja nitoe mfano wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwa Wasabiny. Kitaifa, Uganda haifiki hata asilimia moja. Lakini huko Kapchorwa mwanamke aliyeolewa bila kukeketwa amekuwa akizuiwa kuchota nafaka ghalani, kukamua ng'ombe na hata kuzoa samadi zizini, na kwenye mikutano hapewi nafasi ya kusema. Fikiria mwanamke mwenye watoto ambaye kila siku lazima amwombe mke mwenza au wifi amchotee nafaka za nyumba yake mwenyewe. Wengine wamefikia hatua ya kwenda kwa ngariba wakiwa watu wazima, kwa miguu yao wenyewe. Ukimuuliza mwanamke huyo kama mila iendelee, anaweza kukujibu hapana, na jibu lake likawa la kweli kabisa.

ELIA: Kwa Wakurya pia msichana asiyekeketwa ana jina lake, huitwa omosagane, na anapoitwa hivyo mbele ya wenzake haitwi kwa upole. Nadhani waliotunga sheria ya Kenya ya mwaka 2011 walilielewa hilo, kwa sababu sheria hiyo haiishii kwa ngariba na mzazi. Inamwadhibu pia mtu anayemtukana mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke wa namna hiyo, na haikubali utetezi kwamba mwanamke aliridhia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inawalinda walio chini ya miaka 18 peke yao. Mwanamke wa miaka 20 anayesukumwa na wakwe, kama wale wa Kapchorwa, haimfikii.

REHEMA: Ila sheria nayo huharibu takwimu, kaka. Kule Navrongo, kaskazini mwa Ghana, watafiti waliwahoji wanawake mwaka 1995, wakawarudia walewale mwaka 2000, baada ya kampeni dhidi ya ukeketaji, ambao sheria ya Ghana ilikuwa imeufanya kosa la jinai tangu 1994. Asilimia 13 ya waliokuwa wamekiri kukeketwa walikana. Ninaposoma kwamba wanawake wa sehemu fulani wanapinga ukeketaji, hujiuliza ni wangapi wamejibu wanachoamini, na ni wangapi wamejibu kile wanachojua serikali inataka kukisikia.

ELIA: Na vitendo navyo hujificha. Singida na Dodoma ilienea imani kwamba maradhi ya sehemu za siri za watoto, yanayoitwa lawalawa, huponywa kwa kukata, ilhali maambukizi ya namna hiyo yanatibika kwa dawa na usafi. Matokeo yake mtoto hukatwa akiwa mchanga, bila ngoma wala sherehe, na jirani hajui. Takriban theluthi moja ya wanawake waliokeketwa nchini Tanzania walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Msichana wa umri huo hawezi kukimbilia polisi wala kumwambia mwalimu. Kwa Wakisii njia imekuwa nyingine: wazazi humwita muuguzi mwenye dawa ya ganzi, wakiamini kwamba wamepunguza madhara.

REHEMA: Wengine hujibu kwamba dawa ni kukaza sheria zaidi. Mimi naikumbuka Meru ya Kenya, mwaka 1956. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku kukeketa wasichana, nao wakaanza kukeketana wenyewe kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu maelfu ya watu walishtakiwa au kutozwa faini. Wale wasichana hawakuwa wakimtii ngariba; walikuwa wakikataa kuambiwa na wazee na Wazungu kwamba hawatakuwa wanawake kamili.

ELIA: Sikubaliani nawe moja kwa moja, dada. Leo wanaodai sheria itekelezwe ni pamoja na wanawake wa jamii hizohizo. Agnes Pareyio, Mmasai wa Narok, alikuwa akizunguka vijijini akifundisha, kisha akafungua nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaotoroka, na baadaye akaongoza bodi ya serikali ya Kenya ya kupambana na ukeketaji. Hilo si agizo la mkoloni.

REHEMA: Nakubali kwamba anayeagiza ana uzito wake. Ndiyo maana ningependa watafiti waongeze swali moja. Badala ya kumuuliza mama kama anaunga mkono ukeketaji, wamuulize anadhani jirani zake watafanya nini shule zitakapofungwa mwezi Desemba, msimu wa kukeketa utakapoanza.

ELIA: Mkoani Mara majibu ya swali hilo huonekana kila msimu. Wasichana hukimbilia kambi na nyumba salama za Masanga na Mugumu, wakakaa humo mpaka msimu wa ngariba upite. Mwezi Januari wazazi huitwa mbele ya maofisa wa ustawi wa jamii na polisi, na kutia saini ahadi kwamba hawatamkeketa binti. Wengi hutia saini na kuondoka naye. Wapo wanaokataa, na binti zao huanza muhula mpya wakiwa bado kwenye nyumba salama.