AC Haipoozi Gari Likisimama? Anza na Feni

Gari likikimbia AC inapooza, likiingia kwenye foleni inatoa hewa vuguvugu. Ukiona hivyo, usikimbilie kujaza gesi! Kondensa, sehemu ya AC inayotoa joto la gesi nje, ni hii hapa, mbele ya rejeta. Lazima ipate upepo ndipo gesi itoe joto, na gari likisimama upepo huo unaletwa na feni tu.

Washa injini, washa AC, baridi ya mwisho. Sikilizeni... tak! Kompresa, yaani pampu ya gesi, imeshika. Feni je? Kimya. Magari mengine hungoja presha ipande, kwa hiyo ipe dakika mbili. Mikono mbali, itajiwasha ghafla.

Bado. Zima. Fyuzi: nzima. Rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme: badilishana na nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi hufanana. Hakuna kitu. Tuchomoe soketi ya feni... ngoja, hapo hamwoni, nisogeze taa. Haya. Bonyeza klipu hii kwanza, usivute waya.

Sasa tuipe mota umeme wa betri moja kwa moja, kwa waya wenye fyuzi ya ampea 30. Ni kwa mota ya waya mbili tu; yenye waya tatu au nne huenda ina moduli, kifaa cha kielektroniki cha kuiongoza, na unaweza kuiunguza. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Usigeuze waya! Ukigeuza, feni inazunguka vizuri kabisa, kumbe inasukuma upepo kinyume, na AC inabaki vilevile. Weka karatasi mbele ya grili: ikinata, feni inavuta, ni sawa. Ikipeperuka, umegeuza. Na ukifunga mota mpya, rudia karatasi. Mota nyingine huja bila soketi, na hapo ndipo waya hugeuzwa.

Hii yetu haizunguki. Igonge taratibu na mpini wa bisibisi... mmeona? Imeanza! Brashi za ndani, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme, zimekwisha, badilisha mota. Kama ingezunguka bila kugongwa, ningepima volti 12 kwenye soketi AC ikiwa imewashwa. Zikikosekana, fuata waya, kisha swichi ya presha.

Feni mpya imekaa, karatasi imenata. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo, mapezi yake, vile vibati vyembamba, hupinda upesi. Mwisho geji za kupima presha, kwa gesi ya R134a: upande wa chini psi 30 hadi 40, wa juu 150 hadi 250 kulingana na joto la nje. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua: tafuta panapovuja kabla ya kujaza.