Kufuli la EZH2 na Mlango Linaoufunga

Madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka wodini moja kwa moja, kila ninapozungumza hapa Nairobi huulizwa swali lilelile: je, EZH2 ni jeni inayoleta saratani au inayoizuia? Swali hilo lina kasoro, nami sitachoka kulisahihisha, kwa kuwa halisemi ni tishu gani.

Mnajua kwamba jeni hii hutengeneza kimeng'enya ambacho hubandika methili, alama ndogo ya kikemikali, kwenye histoni H3, protini ambayo DNA huizunguka, penye kiungo chake cha 27, yaani lisini, na jeni za mahali hapo zikanyamaza. Basi lifikirieni kufuli, ambalo halijui limefunga mlango wa nani. Katika limfoma ya folikuli, saratani ya seli B ambazo ni chembe nyeupe za kinga, mabadiliko ya nafasi ya 641 ya kimeng'enya hicho yaliyoripotiwa mwaka 2010 hukipa kimeng'enya nguvu kupita kiasi, kikafunga jeni ambazo zingeiwezesha seli B kukomaa, nayo ikaendelea kugawanyika. Mwaka huohuo, watafiti wa maradhi ya uboho walikuta kinyume chake kabisa: EZH2 imeharibika, kufuli limeng'oka, na jeni zilizopaswa kunyamaza zimefunguka. Baadaye uharibifu wa namna hiyo ukaonekana pia katika lukemia, saratani ya damu, ya seli T, ambazo nazo ni chembe za kinga.

Atakuwepo wa kusema kwamba haya ni ya maabara za ng'ambo, na kwamba mgonjwa wetu bado anasubiri mionzi. Ni kweli anasubiri. Lakini tazemetostat, dawa inayozuia EZH2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, kwanza kwa sarkoma ya epithelioidi, saratani adimu ya tishu laini, kisha kwa limfoma ya folikuli, na maelezo yake rasmi yalionya kwamba huenda zikazuka saratani nyingine, za uboho na za seli T, yaani palepale ambapo kufuli hilo lilikuwa mlinzi. Je, mtaiandika dawa ya namna hiyo kwa kusoma jina la jeni tu?

Muda unaniishia. Jeni nyingine zinazoshughulikia alama za histoni, yaani SETD2 katika figo, KDM6A katika kibofu, na NSD2 katika mieloma, saratani ya uboho, ambako kromosomu ya 4 na ya 14 hubadilishana vipande, nazitaja tu. KMT2D, nayo ya kundi hilo, siwezi kuiruka, kwa sababu hukutwa imeharibika katika saratani ya umio, na wagonjwa wa umio tunawapokea kwa wingi kutoka Bomet. Kwa hiyo nawasihi wenye maabara: vipande vya tishu mlivyovihifadhi katika nta msivitupe, na kila kimoja kiandikwe kimetoka wapi mwilini.