Ndoo ya Mchanga na Waranti ya Siku 30

MWANA: Haya karibuni tena, mnatujua, mi Mwana, huyu Rama, na leo Rama kaja na karatasi kaandika vitu vitano vya kumsaidia mtu aliyeuziwa vepu, ile sigara ya umeme, iliyo mbovu. Tutavimaliza vyote leo?

RAMA: Tutavimaliza, ila nianze na kilichonikuta Jumanne, maana hata hii karatasi imetokana na hiyo Jumanne.

MWANA: Ya ndoo.

RAMA: Ya ndoo ndiyo. Umeshaanza kucheka.

MWANA: Sijacheka bana, sema.

RAMA: Ile vepu niliyoagiza mtandaoni ina siku 11 tu. Jumanne asubuhi naichomoa kwenye chaja naona mfuniko wa ubavuni umeachia, ukipitisha ukucha unaingia, nikailaza mezani hailali, inayumba. Nikajua betri imevimba. Ujue ile betri ya lithiamu ikiharibika inatengeneza gesi kwa ndani na gesi yenyewe haina pa kutokea, ndo inajaa kama puto, na hapo huichaji tena, huibonyezi irudi, hutoboi, wala huiachi karibu na pazia. Nikaifukia kwenye ndoo ya mchanga mkavu nikaiweka nje, mbali na mlango.

MWANA: Na paka akaiona.

RAMA: Dada, paka bado. Nikawaandikia duka, picha nne na video, namba ya oda, kila kitu. Wakajibu vizuri tu, waranti yako ni siku 30, tutumie kifaa mafundi wakikague, wakikuta ni kosa la kiwandani hela yako inarudi. Nikafurahi. Nikaenda kwa watu wa vifurushi, sikuibeba, nimeenda kuuliza kwanza. Yule dada wa kaunta akauliza ndani kuna nini, nikamwambia ukweli, akafunika kalamu yake akasema hiyo hatupokei.

MWANA: Na yuko sahihi kabisa. Betri nzima inapanda ndege kwa masharti, ila iliyovimba au yenye hitilafu ya kuweza kushika moto haipandi, hata ndege ya mizigo.

RAMA: Hilo sikatai. Sasa nikawarudia duka, nikawaambia jamani haipokelewi. Mtu wa huduma kwa wateja ananijibu, andika tu ni vifaa vya umeme, betri usiitaje. Mwana, nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Mtu anayeuza betri ananifundisha kuificha betri mbovu katikati ya vifurushi vya watu!

MWANA: Hapo wamekosea, sina cha kuwatetea. Mtu anaweza kufa.

RAMA: Basi nimekwama. Duka halilipi bila kifaa, na kifaa hakisafiri.

MWANA: Haya, sasa paka.

RAMA: (anacheka) Paka wa jirani kaona mchanga mkavu, msafi, umewekewa nje, we unadhani atawaza nini? Nimetoka jioni namkuta keshachimba nusu, kakaa juu kabisa kama kwake.

MWANA: Juu ya betri iliyovimba!

RAMA: Juu yake! Nikampigia makofi, ananiangalia tu. Siwezi kuweka mfuniko wa kubana, gesi ikitoka lazima ipate njia, nikaweka waya wa wavu, kausukuma. Ikabidi tukae zamu. Mwanangu kachora ratiba kabisa kaibandika jikoni, ZAMU YA NDOO, mama saa 12 mpaka saa 2, baba saa 2 mpaka kulala. Bibi yake kapiga simu anauliza mbona hampokei, anaambiwa baba yuko kwenye ndoo.

MWANA: Nisamehe, hapo "baba yuko kwenye ndoo" ndo pananimaliza. Na usiku je?

RAMA: Usiku tunaweka beseni tupu juu ya wavu, limeegama upande. Akija linaanguka, nyumba nzima inaamka.

MWANA: Sasa nisikilize. Mi nimekaa kaunta ya duka la vepu miaka miwili, unajua. Mtu anakuja na koili, kile kiwaya cha ndani kinachochemsha maji ya vepu, imeungua nyeusi kwa sababu kavuta bila maji anasema mmeniuzia bovu. Mwingine kaidumbukiza kwenye maji, kaikausha, ukiifungua unaona kutu ya kijani kwenye tundu la chaja. Picha haikuonyeshi hiyo kutu. Duka likitaka kuona kifaa sio uchoyo, ni haki yake.

RAMA: Koili ni kitu cha kuisha, waranti nyingi haziihusishi kabisa, na mi sidai koili. Nadai betri imevimba siku ya 11, na video ipo inayumba mezani. Wanataka kukagua nini?

MWANA: Kama uliichaji kwa chaja ya laptopu, kwa mfano.

RAMA: Nimetumia waya wa kwenye boksi!

MWANA: Nakuamini mimi. Wao watakuaminije?

RAMA: Basi waje waichukue. Uingereza kule sheria ya 2015 inasema kitu kikiwa kibovu gharama ya halali ya kukirudisha ni ya muuzaji, na ukidai utengenezewe au ubadilishiwe, hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi 6 inahesabiwa ilikuwepo tangu siku uliyokipokea, muuzaji ndo athibitishe vingine. Hiyo ni akili. Ukiuza kitu ambacho kikiharibika hakisafiri, kwenye waranti yako andika kabisa, ikivimba fanya hivi, hela yako utaipata kwa njia hii. Sio unaandika "tutumie" halafu basi.

MWANA: Waandike, sawa. Ila hela ilipwe kwa picha tu, hapana. Wiki moja wakilipa kwa picha, wiki ya pili picha hiyohiyo wameletewa na watu watano. Nimeyaona kwa macho yangu.

RAMA: Kwa hiyo mimi mkweli nibebe dhambi ya hao watano?

MWANA: Sijasema ubebe.

RAMA: Ndo ulichosema.

MWANA: Nimesema duka lina haki ya kuona. Sitoki hapo, Rama.

RAMA: Na mi sitoki hapa.

(wanakaa kimya kidogo)

MWANA: Lakini kuna kingine kinaniuma kuliko hela. Hiyo betri ina siku ngapi kwenye ndoo?

RAMA: Ya nne leo.

MWANA: Ipeleke wanakopokea taka za umeme. Uwapigie kwanza, uwaambie imevimba. Leo hii, ukitoka hapa.

RAMA: Nikiipeleka nimepoteza ushahidi, watasema kifaa kiko wapi.

MWANA: Ipige picha upande ule wenye namba ya siriali, uwaombe karatasi ya kuipokea. Una mtoto pale, Rama.

RAMA: Karatasi ya kuipokea... hilo sikuliwaza. Lakini duka lenyewe linataka kifaa, sio karatasi.

MWANA: Likatae karatasi, tutajua la kufanya. Ila sio ndoo nje ya mlango wako wiki ya pili.

RAMA: Nipe mpaka Jumatatu, wameahidi meneja atanijibu Jumatatu.

MWANA: Siafiki.

RAMA: Najua.

MWANA: Na dakika zimeisha, naonyeshwa mkono huku. Karatasi yako tumesoma namba ngapi?

RAMA: Hata ya kwanza sijaisoma. Ya kwanza ilikuwa boksi, usitupe boksi, ile namba ya kukwangua ya kuhakiki kama kifaa ni halisi iko hapo, na ukishalitupa...

MWANA: Wiki ijayo, kaka, hawatusubiri. Leo zamu ya ndoo ni ya nani?

RAMA: Yangu, saa 2.

MWANA: Basi nitakupigia saa 2.