Bilauri za Askofu

NEEMA: Karibuni tena. Sauti yangu leo mnisamehe, Jumamosi nimeshinda juani.

BARAKA: Alikuwa kwenye lile soko la Desemba la kazi za mikono. Nampigia simu hapokei, kumbe mikono yote imeshika bilauri.

NEEMA: Ungeziona ungeelewa. Sita, zimepulizwa kwa mdomo. Nimekuja na moja, ishike. Taratibu.

BARAKA: Nzito! Na hapa chini kuna nini? Kama kovu.

NEEMA: Hapo ndipo fundi alipoigandisha kwenye fimbo. Kwanza anapuliza kwa bomba. Akishapata umbo, anagandisha fimbo kwenye kitako, anaitenga bilauri na bomba, ndipo anaupata mdomo wake auchonge. Akimaliza anagonga fimbo, bilauri inabanduka, kovu linabaki. Pitisha kidole gumba. Wengine hulisugua likaisha, huyu ameliacha kidogo. Glasi ya kiwandani hulioni hilo. Mara nyingi utaona mshono mwembamba wa kalibu ubavuni.

BARAKA: Na haya mapovu? Hili kubwa kama punje ya mtama.

NEEMA: Hizo ni chupa zilizoyeyushwa, hewa imenaswa humo. Na hiki kijani hafifu hakikutiwa na mtu, ni chuma kilichomo kwenye mchanga wa kutengenezea kioo. Ukiwahi kufika pale Shanga, ile karakana ya kazi za mikono hapa Arusha, umeyaona haya: chupa zilizotupwa zinavunjwa, zinayeyushwa kwenye moto unaozidi nyuzi 1,000, na mafundi wengi ni watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi. Mmoja anazungusha bomba, mwenzake anamwelekeza kwa mkono. Ukiacha kuzungusha, kioo kinaning'inia upande mmoja na kazi imeharibika.

BARAKA: Ulipunguziwa?

NEEMA: Sikuomba. Tanuri la kioo mara nyingi haliwezi kuzimwa jioni kama jiko la mkaa, linawaka usiku na mchana hata kama hujauza kitu. Ile meza ya vitu vyenye kasoro, hapo sawa, bembeleza bei. Lakini kazi iliyosimama vizuri, mlipe mtu.

BARAKA: Hapo tuko pamoja. Basi kesho nakuja kwako kunywa maji ya ukwaju humu.

NEEMA: Humu? Hizi zinaingia kabatini, kaka.

BARAKA: Jamani! Bilauri za Askofu!

NEEMA: Ameanza.

BARAKA: Wasikilizaji wa zamani mnalijua kabati la mama, pale Moshi. Wapya, sikieni. Mwaka wa kipaimara cha kaka yangu, ikasemekana Askofu atapita nyumbani. Mama akanunua bilauri dazeni, akazifungia, ufunguo kwenye pindo la khanga. Sisi tunanywea vikombe vya plastiki. Siku ikafika, Askofu akaja kweli, akaketi...

NEEMA: Akaomba soda.

BARAKA: Akaomba soda! Akainywa kwenye chupa, kwa mrija, akatubariki, akaondoka. Bilauri zimo kabatini mpaka leo, nyingine zina stika ya dukani. Akija mjomba, tunamuuliza mama: huyu amefikia cheo? Akija mwalimu mkuu: huyu je?

NEEMA: Na mimi nilipokuja?

BARAKA: Ulipewa plastiki, dada. Cheo chako bado.

NEEMA: Haya, umecheka. Sasa nisikilize. Nyumbani kwetu glasi za kila siku hakuna hata moja iliyobaki. Zote zilivunjikia kwenye karai la vyombo. Za bibi za kabatini zipo, nne. Bibi hayupo. Nikifungua kabati namuona. Bila ule ufunguo ningekuwa na nini?

BARAKA: Mimi nikiziona zile za mama namuona mtoto mwenye kiu anaambiwa, "Weka chini, si yako." Tulikuwa tunaishi na kitu kizuri kisicho chetu, ndani ya nyumba yetu wenyewe.

NEEMA: Hukunyimwa maji lakini.

BARAKA: Nilinyimwa heshima aliyowekewa mgeni. Tazama ukingo huu. Ameupitisha motoni ukawa laini usikate mdomo. Alimfikiria mtu anayekunywa! Ukiiweka kabatini, ile kazi ya mwisho umeitupa.

NEEMA: Na ikivunjika, kazi yote imetupwa. Huyu fundi akipuliza nyingine haitakuwa hii. Povu halitakaa hapa.

BARAKA: Ivunjike ikiwa imenyweka.

NEEMA: Hapana. Kwa hilo siwezi kusema ndiyo ili kipindi kiishe vizuri.

BARAKA: Na mimi sirudi nyuma.

NEEMA: Haya, naonyeshwa saa. Dakika mbili! Na nilikuwa nimeandika orodha nzima ya namna ya kuchagua, namna ya kuzifunga kwa safari ya basi...

BARAKA: Hatutaiweza. Sema moja.

NEEMA: Usimimine chai ya moto humu. Kioo kinene kinapanuka ndani kabla ya nje, kinapasuka. Hata fundi akimaliza haiachi mezani ipoe. Anaiweka kwenye tanuri jingine, kama nyuzi 500, linashushwa polepole usiku kucha.

BARAKA: Kwa hiyo maji ya ukwaju ruksa.

NEEMA: Kwa wenye cheo.

BARAKA: Mnamsikia?

NEEMA: Wiki ijayo tunaongea kodi za nyumba na madalali, leteni maswali mapema. Mimi ni Neema.

BARAKA: Mimi Baraka, na bado sijakubali.

NEEMA: Wala mimi. Kwaherini.