Kwa nini niliifuta masters kwenye CV yangu

Jamani, habari za huko nyumbani. Nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, sijalala, lakini swali hili limejaa kwenye komenti: "Dada, una masters, mbona unabeba boksi?" Najua nikijibu, wengine watasema naringia shule, wengine watasema nalialia wakati niko Kanada. Semeni tu. Naeleza yaliyonikuta mimi, hapa Brampton, jimbo la Ontario. Wa Edmonton ana yake.

Ya baridi mnayajua, nayaruka.

Niliomba kazi za uhasibu miezi saba, kimya. Nikaomba za ghala, nako wakanikataa! Kwenye intavyuu moja supavaiza alishika CV yangu, kidole kikashuka taratibu kikasimama penye masters. Hakuniuliza kama naweza kunyanyua kilo 20. Aliniuliza, "Utakaa na sisi miezi mingapi?" Hapo nikaelewa. Anaogopa anifundishe kazi, halafu nikipata ya ofisini nimwache.

Usiku ule nikaifuta. Iliniuma, maana mama aliuza kiwanja cha Kibaha nisome hiyo masters. Baba mdogo mpaka leo ananisema kwenye grupu la ukoo, eti kiwanja kimeliwa. Baba mdogo, nakuheshimu, lakini ada ya mdogo wangu muhula huu imetoka kwenye hayo maboksi.

Ukifuta, linabaki pengo la miaka miwili, na wataliuliza. Mimi nilikuwa nasoma jioni, mchana nashika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikaliandika duka. Si uongo, nilifanya kazi pale.

Ila nisikilizeni vizuri: hiyo ni CV. Fomu za uhamiaji usifute kitu! Ukikutwa umeficha, wanahesabu umetoa taarifa za uongo, na adhabu yake ni kufungiwa kuingia Kanada miaka 5.

Na kinachonichoma zaidi ni hizo karatasi. Kuthibitisha vyeti vyangu kulinitoa zaidi ya dola 200, na transkripti lazima chuo chenyewe kiitume. Dada yangu alipanda daladala mara tatu kuifuatilia: leo mhusika hayupo, kesho muhuri haupo. Ripoti ya huo uthibitisho kwa mambo ya uhamiaji inadumu miaka 5, yangu imebakiza miwili. Nimelipa kuthibitisha shahada ambayo ghalani naificha.

Sasa hapa Ontario, tangu Januari 2026, kampuni yenye wafanyakazi 25 au zaidi hairuhusiwi kudai uzoefu wa Kanada kwenye tangazo la kazi. Sisemi ndiyo watakuajiri. Lakini mimi nimetengeneza CV ya pili, masters imerudi juu kabisa, na jina la chuo. Jumatatu ni ofu yangu, natuma maombi manne ya uhasibu. Mama, najua unaangalia. Niombee.